Kwa nini farasi aliyefika wa kwanza aliandikwa wa 17: hukumu ya Kentucky Derby 2019

Jumamosi ya Mei 4, 2019, katika uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, jimbo la Kentucky, farasi aitwaye Maximum Security alivuka mstari wa kumalizia akiwa amewatangulia wenzake wote 18. Mwanya kati yake na aliyemfuata ulikuwa urefu wa farasi mmoja na robo tatu, si mwanya wa kutafutiwa picha. Joki wake, Luis Saez, alihojiwa na televisheni akiwa bado juu ya tandiko, na upande wa wamiliki watu wakawa wanapongezana. Baada ya dakika kama 22 ubao wa matokeo ukabadilika. Maximum Security aliandikwa wa 17. Ushindi ukaenda kwa Country House, farasi ambaye wachezaji kamari walimdharau kiasi kwamba aliyemwekea dola 1 alipata faida ya dola 65.

Mbio hizi zilianza mwaka 1875, na katika historia yake yote haikuwahi kutokea farasi aliyefika wa kwanza akanyang'anywa ushindi siku ile ile kwa kosa lililotendeka mbioni. Hata Donald Trump, aliyekuwa rais wa Marekani wakati huo, aliandika hadharani kuulaumu uamuzi. Mabishano hayajaisha hadi leo, na naamini hayaishi kwa sababu watu hubishania mambo mawili kana kwamba ni moja. Kuna swali la kama kosa lilitendeka. Kuna swali la pili, la kosa lile lilistahili kumgharimu farasi kitu gani. La kwanza linajibika kwa kutazama picha za video. La pili linajibiwa na kanuni, na kanuni za mbio za farasi hazifanani duniani kote. Farasi yule yule, kwa mwendo ule ule, angeweza kubaki bingwa kama mbio zingefanyika London au Tokyo.

Mbio zenyewe

Kentucky Derby hukimbiwa na farasi wa miaka mitatu tu, kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja maishani. Umbali ni maili moja na robo, yaani kama kilomita 2. Wanaoruhusiwa ni hadi 20, idadi kubwa mno kwa Marekani, ambako mbio nyingi huwa na farasi wasiozidi kumi. Wengi wao hawajawahi kukimbia umbali huo, hawajawahi kubanwa na kundi kubwa namna hiyo, wala hawajawahi kupita mbele ya umati wa watu zaidi ya 150,000 wanaopiga kelele pande zote mbili za njia. Mwaka ule, juu ya hayo yote, mvua ilikuwa imegeuza udongo kuwa tope jepesi linaloruka usoni mwa kila aliye nyuma.

Siku chache kabla, Omaha Beach, aliyekuwa akipigiwa upatu kuliko wote, aliondolewa kwa tatizo la koo. Hapo uwanja ukabaki wazi. Maximum Security alikuwa hajafungwa hata mara moja katika mbio nne, ingawa mwanzo wake ulikuwa wa chini ajabu: Desemba 2018 alianza katika mbio za daraja la farasi wanaouzwa, ambako mtu yeyote mwenye leseni angeweza kumchukua kwa dola 16,000. Hakuna aliyemchukua. Wamiliki wake, Gary na Mary West, wakabaki naye, na mkufunzi Jason Servis akamfikisha Florida Derby, akashinda. Kwenye Kentucky Derby alikuwa wa pili kwa kupendwa na wachezaji kamari.

Country House alikuwa mkononi mwa mkufunzi Bill Mott, mmoja wa wanaoheshimika sana katika mchezo huu, na joki Flavien Prat kutoka Ufaransa. Alikuwa ameshinda mara moja tu.

Kilichotokea konani

Maximum Security aliongoza karibu tangu geti lilipofunguka, akikumbatia uzio wa ndani. Nyuma yake, akiwa pia amebanwa uzioni, alikuwapo War of Will, namba 1, aliyepandwa na Tyler Gaffalione. War of Will alikuwa na nguvu za kutosha, ila hakuwa na pa kupita. Walipokuwa wanamaliza kona ya mwisho, ikiwa imebaki kama robo maili, Gaffalione alimtoa nje kidogo ili apite pembeni mwa kiongozi.

Wakati huo huo Maximum Security akaacha uzio, akayumbia nje, akakata njia za wengine. Saez alieleza baadaye kwamba farasi wake bado mtoto na kwamba huenda alishtuliwa na kelele za watu. Inawezekana kabisa. Farasi wa umri huo hushtuka, na hapo ndipo kona inapofunguka kuelekea kwenye umati.

Ukisimamisha video hapo, utaona kinachowatia hofu watu wanaoujua mchezo huu. Mguu wa mbele wa War of Will unaingia katikati ya miguu ya nyuma ya Maximum Security. Farasi wa mbio ana uzito wa kama kilo 500, na hapo anakwenda zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Mguu wa mbele ukikwaruza kisigino cha aliye mbele, farasi hupiga mbizi kifudifudi, joki akatupwa, na walio nyuma hawana muda wa kukwepa. Kulikuwa na farasi zaidi ya kumi nyuma yao. War of Will alijikaza, akabaki amesimama, lakini akasukumwa nje. Akamgonga Long Range Toddy, namba 18, ambaye joki wake Jon Court alilazimika kumvuta hatamu. Msukosuko ukamfikia Bodexpress, namba 21. Country House alikuwa nje ya hao wote, na kama kuna kilichomfikia, kilikuwa kidogo.

Kisha Saez akamrudisha farasi wake ndani, akamchapua, na Maximum Security akaondoka kama vile hakuna kilichotokea. Hapa ndipo moyo wa mtazamaji wa kawaida unapokataa hukumu. Farasi aliyetoka kwenye purukushani ile akawaacha wote nyuma, tena kwenye matope, anaonekana wazi kuwa alikuwa bora siku ile. Nami nadhani alikuwa bora siku ile. Lakini waamuzi hawakuulizwa swali hilo.

Waliulizwa nini, basi?

Waamuzi walikuwa watatu, wakiongozwa na Barbara Borden. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba wao wenyewe hawakuwasha taa ya uchunguzi, ile ya ubaoni inayotangaza kwamba matokeo yanachunguzwa. Uchunguzi ulianzishwa na mapingamizi ya majoki wawili: Prat wa Country House na Court wa Long Range Toddy. Gaffalione, ambaye farasi wake ndiye aliyeponea chupuchupu, hakuweka pingamizi lolote.

Kanuni ya Kentucky ya wakati ule, kwa ufupi, ilisema hivi. Farasi anayeongoza akiwa na nafasi wazi ana haki ya kupita popote njiani. Lakini akiyumba, au akiongozwa upande mmoja, hata akamzuia, akamtisha au akamkwaza farasi au joki mwingine, hilo ni kosa. Kisha kanuni ikaongeza kwamba kama waamuzi wanaona kosa hilo limebadili matokeo ya mbio, wanaweza kumwengua aliyelitenda.

Kanuni haisemi lolote kuhusu nia. Kama farasi alishtuka au joki alifanya makusudi, kosa ni lile lile, ingawa adhabu ya joki mwenyewe inaweza kutofautiana. Kwa hiyo maelezo ya Saez kuhusu kelele, hata yakiwa kweli tupu, hayakuweza kumwokoa farasi. Maneno «nafasi wazi» nayo yana uzito. Kiongozi aliye mbele kwa mwanya wa kutosha anaweza kuhama atakavyo kwa sababu hamkati mtu. Pale konani mwanya huo haukuwapo, maana War of Will alikuwa ameshaanza kupanda ubavuni mwake.

Utata unaanzia kwenye kubadili matokeo. Wanaomtetea Maximum Security huyasoma maneno hayo kuwa ni kubadili mshindi. War of Will alififia akavuka mstari wa 8, Bodexpress wa 14, Long Range Toddy wa 17, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akielekea kumshinda. Kwa usomaji huo, matokeo hayakubadilika. Waamuzi walisoma kwa upana zaidi, na usomaji wao ndio uliozoeleka Marekani kwa miongo mingi: matokeo ni mpangilio mzima wa waliofika, si jina la kwanza peke yake. Zawadi katika Derby hulipwa hadi nafasi ya tano, na dau za watu huwekwa kwenye nafasi kadhaa. Kama farasi mmoja alinyimwa nafasi ya kufika mahali pazuri zaidi, matokeo yamebadilika. War of Will alikuwa anaanza kuondoka pale alipokwazwa. Angefika wa pili au wa nne, hakuna ajuaye, na kanuni haikudai ijulikane.

Bill Mott, ingawa hakuwa mtu asiye na maslahi, aliligusa jambo hili vizuri kuliko wengi wakati wakisubiri. Alisema kwamba kama hizi zingekuwa mbio ndogo za siku ya kazi, farasi wa kwanza angeshushwa bila mjadala. Ukitazama hukumu za viwanja vya Marekani katika mbio za kawaida, utaona hakukosea. Kushushwa kwa kosa la namna ile ni jambo la kila wiki. Kilichokosekana kwa miaka 144 kilikuwa ujasiri wa kufanya hivyo mbele ya umati wa Derby.

Kuhusu nafasi ya 17, watu wengi hudhani ilikuwa adhabu ya kuongezea uchungu. Sivyo. Utaratibu ni kwamba aliyekosa huwekwa nyuma ya kila aliyemkwaza. Kati ya watatu waliokwazwa, aliyefika mwisho kabisa ni Long Range Toddy, aliyevuka wa 17. Kila aliyekuwa kati ya wa 2 na wa 17 akapanda ngazi moja, Long Range Toddy akawa wa 16, na Maximum Security akawekwa nyuma yake. Kama wa mwisho kati ya hao watatu angefika wa tano, Maximum Security angeandikwa wa tano. Kwa njia hiyo hiyo Country House alipata ushindi. Hakupewa kama fidia ya kukwazwa, na katika maelezo yao waamuzi walitaja namba 1, 18 na 21 kuwa ndio walioathirika, si namba 20 ambayo ilikuwa yake. Alipata kwa sababu ndiye aliyefuata mstarini. Code of Honor akawa wa pili, Tacitus wa tatu.

Nikiulizwa, nasema waamuzi walitenda sawasawa kwa kanuni waliyokuwa nayo mkononi. Lawama yangu kwao iko kwingine. Borden alisoma taarifa fupi jioni ile, akasema uamuzi ulikuwa wa kauli moja, akaondoka bila kupokea maswali. Hukumu ya kwanza ya aina yake katika mbio zinazotazamwa kuliko zote Marekani ilistahili mtu wa kusimama na video, akaonyesha mguu wa War of Will ulipoingia, akaeleza kwa nini ni 17 na si 2. Pengo hilo lilijazwa na uvumi.

Kwingineko farasi angebaki mshindi

Dunia ya mbio za farasi imegawanyika makundi mawili juu ya jambo hili. Katika kundi la kwanza wamo Uingereza, Ireland, Australia, Hong Kong, Japani tangu 2013 na Ufaransa tangu 2018. Huko swali ni jembamba: je, aliyekwazwa angemaliza mbele ya aliyemkwaza kama kosa lisingetokea? Jibu likiwa ndiyo, aliyemkwaza anawekwa nyuma yake. Likiwa hapana, matokeo yanabaki, na joki anaadhibiwa peke yake kwa kufungiwa siku kadhaa. Kumwengua farasi moja kwa moja hubakizwa kwa uendeshaji wa hatari uliokithiri.

Kundi la pili ni Marekani na Kanada, ambako swali ni pana: je, aliyekwazwa alinyimwa nafasi bora? Jibu likiwa ndiyo, mkosaji anashuka chini yake, hata kama alikuwa na uwezo wa kushinda mara kumi.

Kwa kipimo cha kundi la kwanza, ni vigumu kuona namna Maximum Security angepoteza. War of Will alimaliza mbali nyuma yake. Wajapani wanalijua jambo hili kwa uchungu wao wenyewe. Mwaka 2010, katika Japan Cup, farasi jike Buena Vista alifika wa kwanza kwa nafasi ya wazi, akashushwa kuwa wa pili kwa kumkwaza Rose Kingdom, na mashabiki hawakuridhika. Miaka mitatu baadaye Japani ikahamia kundi la kwanza.

Baada ya mtafaruku wa Kentucky, kamati ya usalama ya Jockey Club ya Marekani ilipendekeza mwezi Agosti 2019 kwamba nchi hiyo nayo ihamie huko. Hoja yake kubwa ni uwiano: hukumu zifanane duniani, na farasi bora asipoteze kwa kosa lisilogusa nafasi yake.

Mimi sijashawishika kikamilifu. Piga hesabu ya joki. Zawadi ya mshindi wa Derby mwaka ule ilikuwa dola milioni 1.86, na kwa desturi joki wa mshindi huchukua kama asilimia 10. Hiyo ni karibu dola 186,000, mbali na jina litakalobaki vitabuni milele. Saez alifungiwa siku 15 za mbio. Kama farasi angebaki na ushindi, kufungiwa siku 15 kungekuwa bei ndogo sana, na kila joki anayekimbilia pengo konani angelijua hilo. Kundi la pili linamwadhibu farasi na mmiliki kwa kosa ambalo hawakulitenda, ni kweli, lakini linafanya kosa lisiwe na faida kwa mtu yeyote. Ukikumbuka mguu ule na farasi kumi waliokuwa nyuma, faida hiyo si ndogo. Watetezi wa kundi la kwanza hujibu kwamba Uingereza na Hong Kong hazishuhudii majoki wakigongana ovyo, kwa sababu huko adhabu za kufungiwa ni kali na hutolewa bila kusita. Ni jibu zito. Marekani ikitaka kuhama, lazima ihame na adhabu hizo pia, isichukue nusu inayopendeza tu.

Pesa za waliobeti

Uvumi uliosambaa sana ni kwamba uwanja ulifaidika, kwa kuwa farasi aliyepewa pesa nyingi alienguliwa na asiyependwa akashinda. Uvumi huu unatokana na kudhani kwamba Churchill Downs ni kama kampuni ya kubeti mpira, inayolipa kutoka mfukoni mwake. Sivyo mbio za Marekani zinavyoendeshwa. Madau yote ya kushinda yanaingia mfuko mmoja. Uwanja na serikali hukata asilimia yao kwanza, ile ile bila kujali nani kashinda, na kinachobaki hugawanywa kwa walioshika tiketi za mshindi kulingana na walichoweka.

Siku ile mfuko wa kushinda ulikuwa na zaidi ya dola milioni 40. Kati ya hizo, zaidi ya milioni 6 ziliwekwa kwa Maximum Security, na nusu milioni na ushei kwa Country House. Hebu fikiria fungu lile lile lililobaki baada ya makato. Likigawanywa kwa waliomwekea Maximum Security, kila tiketi ya dola 2 ingerudisha kama dola 11. Likigawanywa kwa wachache waliomwamini Country House, tiketi hiyo hiyo ililipa dola 132.40. Pesa hazikuingia kwa uwanja hata senti moja ya ziada. Zilihama kutoka kwa wachezaji wengi kwenda kwa wachache. Kabla ya hapo, ni farasi mmoja tu aliyewahi kushinda Derby kwa malipo makubwa kuliko hayo, Donerail wa mwaka 1913, wa 91 kwa 1, yaani faida ya dola 91 kwa kila dola 1. Mwaka 2022 Rich Strike naye akampita Country House, akashinda kwa 80 kwa 1.

Ukiwa na tiketi mkononi, saa inayohesabika ni ile ambayo matokeo yanatangazwa kuwa rasmi. Kabla ya hapo lolote linaweza kubadilika, na kuna watu huchana tiketi zao mapema wakajuta. Baada ya hapo malipo hayageuki, hata kama miaka ikipita farasi akavuliwa ushindi. Mwaka 1968 Dancer's Image alishinda Derby, kisha vipimo vikaonyesha dawa ya maumivu ambayo wakati huo ilikuwa marufuku, na baada ya kesi ndefu zawadi ikaenda kwa Forward Pass. Mwaka 2021 Medina Spirit, wa mkufunzi Bob Baffert, alikutwa na betamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe, na Februari 2022 Mandaloun akatangazwa mshindi. Katika visa vyote viwili waliombetia aliyevuka wa kwanza walikuwa wameshalipwa na hawakudaiwa kurudisha. Aliyembetia Mandaloun kushinda hakupata kitu, ingawa vitabu vinasema alishinda. Kwa hiyo Derby ya 2019 ndiyo ya pekee ambayo kuenguliwa kwa aliyefika wa kwanza kuliwagusa wachezaji kamari papo hapo, na hilo liliongeza hasira.

Mahakamani

Akina West walikata rufaa kwa tume ya mbio za farasi ya Kentucky. Jibu lilikuja haraka: kanuni za jimbo zinasema uamuzi wa waamuzi kuhusu kosa la mbioni ni wa mwisho na haukatiwi rufaa. Wakaenda mahakama ya shirikisho, wakidai kwamba wamenyang'anywa mali bila utaratibu wa haki unaolindwa na katiba. Novemba 2019 jaji Karen Caldwell akaitupa kesi. Agosti 2020 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita ikakubaliana naye.

Hoja ya mahakama ni rahisi kuliko inavyosikika. Ili ulalamike kwamba umenyang'anywa mali, lazima kwanza uwe na haki nayo. Leseni ya mmiliki inampa nafasi ya kushiriki mbio chini ya kanuni zilizopo, na kanuni hizo zinawapa waamuzi hiari ya kuamua nani kakosa. Zawadi haikuwa yao hadi waamuzi waseme ni yao. Majaji hawakusema kwamba waamuzi walikuwa sahihi kuhusu kilichotokea konani. Walisema kazi hiyo si ya mahakama. Ni kama refa wa mpira: goli likikataliwa uwanjani, hakuna jaji atakayekaa kulihesabu upya.

Naona mahakama ilikuwa na busara kukaa pembeni. Lakini jimbo lingeweza kuweka ngazi moja ya rufaa ndani ya mchezo wenyewe, jopo la wataalamu wasiokuwapo uwanjani siku hiyo, wanaotazama picha kwa utulivu na kuandika sababu zao. Nchi kadhaa za kundi la kwanza zina utaratibu wa aina hiyo na mbio zao hazijakwama.

Farasi walikoishia

Kwa kawaida swali la nani bora hujibiwa katika mbio zinazofuata. Safari hii hapakuwa na nafasi hiyo. Country House alipata kikohozi, akakosa Preakness, mbio kubwa zinazofuata Derby, kisha maradhi ya kwato yakamzidi. Hakukimbia tena maishani, na mbio zake za mwisho zikabaki kuwa Derby aliyoshinda. Gary West alitangaza kwamba angetoa dola milioni 5 kwa kila mmiliki wa farasi wanne, yaani Country House, War of Will, Long Range Toddy na Bodexpress, ambaye farasi wake angemaliza mbele ya Maximum Security watakapokutana tena. Pambano la wote hao halikufanyika.

War of Will alishinda Preakness wiki mbili baadaye, na kwangu hilo linatosha kuonyesha kwamba farasi aliyekwazwa konani hakuwa msindikizaji. Katika mbio hizo hizo Bodexpress alimwangusha joki wake getini na akazunguka uwanja mzima peke yake bila mpandaji.

Maximum Security alishinda mbio za Haskell Julai na za Cigar Mile Desemba, akapewa tuzo ya farasi dume bora wa miaka mitatu wa Marekani kwa 2019. Februari 29, 2020 akafika wa kwanza katika Saudi Cup ya kwanza kabisa mjini Riyadh, mbio za dola milioni 20, ambazo mshindi huchukua milioni 10. Siku tisa baadaye waendesha mashtaka wa shirikisho mjini New York walimshtaki Jason Servis na wenzake kwa kuwapa farasi dawa zilizokatazwa, na Maximum Security alitajwa kwenye hati ya mashtaka. Saudi Arabia ikazuia zawadi. Servis alikiri makosa Desemba 2022 na Julai 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Agosti 2024 mamlaka ya mbio ya Saudi Arabia ikamwengua rasmi Maximum Security, na ushindi ukahamia kwa Midnight Bisou, farasi jike aliyefika wa pili.